Msitu Usio na Watu Haumlindi Chui Milia

Tarehe 19 Juni 2024, Mamlaka ya Taifa ya Uhifadhi wa Chui Milia nchini India iliyaandikia barua majimbo yenye hifadhi za mnyama huyo, ikiyataka yaharakishe kuhamisha vijiji. Barua ilikuja na hesabu zake: vijiji 591 vyenye kaya 64,801 bado vimo ndani ya viini vya hifadhi. Ukiweka watu watano kwa kila kaya, hao ni zaidi ya watu laki tatu. Vyama vya wakazi wa misitu vilipiga kelele, lakini wapenzi wengi wa wanyamapori hawakuona la kushangaza. Kwao ilikuwa kazi ya kawaida, tena iliyochelewa.

Nyuma ya barua ile ipo imani kongwe: chui milia na binadamu hawakai msitu mmoja, mmoja sharti aondoke, na kwa kuwa mnyama hana pa kwenda, aondoke mtu. Imani hii imevaa joho la sayansi, inazungumza kwa sauti ya huruma, na ina wafuasi Delhi, London na, tusifichane, hata Dodoma. Naipinga. Haijawalinda chui milia kama inavyodai. Imewapa majangili marafiki ambao wasingewapata kwa njia nyingine. Na panaposemekana imefaulu, ukichimba kidogo unamkuta jirani wa msitu ndiye aliyebeba mzigo.

Nimpe kwanza mpinzani haki yake, maana hoja yake si ya kipuuzi. Chui milia mmoja huua wanyama wapatao 50 wenye kwato kwa mwaka. Ng'ombe na mbuzi wakijaa msituni, kulungu hukosa malisho na kupungua, na chui milia huishia zizini. Jike mwenye watoto anahitaji utulivu. Mwanasayansi Ullas Karanth ameshikilia kwa miaka mingi kwamba wanaotaka kuhama kwa hiari yao wasaidiwe, na mfano unaotajwa mara kwa mara ni Bhadra, Karnataka, ambako mwanzoni mwa miaka ya 2000 kaya mia kadhaa zilitoka msituni zikapewa ardhi ya kilimo karibu na barabara na shule. Sina ugomvi na Bhadra. Mtu aliyechoka kukesha akifukuza tembo shambani, akiomba kuhama, mpe ardhi nzuri na usafiri. Lakini kutoka "anayetaka asaidiwe" hadi "wote watoke" kuna masafa marefu, na watetezi wa uhifadhi wa ngome, yaani wa msitu uliofungiwa watu nje, wameyaruka kwa hatua moja. Tena wameyaruka bila kuulizana swali la awali kabisa: nani aliyewamaliza chui milia?

Jibu limo kwenye kumbukumbu za watawala wenyewe. Mwanahistoria Mahesh Rangarajan amekadiria kwamba kati ya 1875 na 1925 chui milia zaidi ya 80,000 waliuawa nchini India, wengi wao kwa sababu serikali ya kikoloni ililipa zawadi kwa kila ngozi iliyoletwa. Mtawala wa Surguja alijisifu kuwa yeye peke yake amewapiga risasi zaidi ya 1,100. Desemba 1911, Mfalme George V wa Uingereza, akitoka kwenye sherehe za Delhi, alikaribishwa kuwinda katika nyanda za kusini mwa Nepal, na katika siku chache msafara wake ukaangusha chui milia 39 na faru 18. Misitu ile ya mfalme ndiyo eneo la Chitwan, lililofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1973. Walioambiwa waache kuingia, kuchunga na kuvua kwa ajili ya kumwokoa chui milia walikuwa Watharu, waliokuwa wakiishi na mnyama huyo karne kwa karne. Mwenye bunduki alipanda meli akarudi kwao. Mwenye nyavu ndiye aliyepewa kesi.

Watu wa ngome watasema hayo ni ya kale. Basi twende Sariska, Rajasthan, hifadhi ya chui milia tangu 1978, mwendo wa saa chache tu kutoka Delhi. Ilikuwa na askari, magari na bajeti. Mwaka 2005 ikabainika kwamba hakuna chui milia hata mmoja aliyebaki. Majangili waliwamaliza huku wakubwa wa hifadhi wakiendelea kuhesabu nyayo kwenye udongo na kujaza madaftari. Taifa lilishtuka kiasi cha Waziri Mkuu Manmohan Singh kuunda kikosi kazi chini ya mwanamazingira Sunita Narain. Kikosi hicho hakikuishia kuwalaani majangili. Kilieleza jinsi watu waishio ndani na kando ya hifadhi walivyogeuzwa maadui kwa kunyimwa malisho, kuni na maendeleo ya kawaida, hata ulinzi ukawa vita dhidi ya wananchi. Jangili akipita katika kijiji cha namna hiyo, nani atakimbia kupeleka habari? Valmik Thapar, mmoja wa wanakamati na bingwa wa kumtetea chui milia hadi alipofariki 2025, aliandika maoni yake ya kupinga, akisisitiza kwamba mnyama huyu anahitaji maeneo yasiyo na watu. Alimpenda chui milia kwa dhati, hilo halina ubishi. Lakini tukio lililofuata halikumpa nguvu.

Mwaka 2008 chui milia wapya waliletwa Sariska kwa helikopta kutoka Ranthambore, na dunia ikapiga makofi. Wa kwanza kuletwa, dume lililoitwa ST1, lilikutwa limekufa Novemba 2010. Uchunguzi ukaonyesha limelishwa sumu, na washukiwa wakatafutwa vijijini. Helikopta ililipita kwa juu tatizo lilelile lililowamaliza wale wa kwanza.

Linganisha na Panna, Madhya Pradesh, ambayo nayo ilijikuta haina kitu mwaka 2009. Mkurugenzi wake, Sreenivasa Murthy, alileta chui milia kutoka hifadhi nyingine kama walivyofanya Sariska, ila akaifanya kazi hiyo chini ya kauli kwamba chui milia watalindwa kwa kuungwa mkono na wananchi. Dume mmoja aliyeletwa kutoka Pench hakupenda ugenini. Akafunga safari kurudi kwao, mamia ya kilomita kupitia mashamba na vijiji, kwa takriban mwezi mzima, huku wafuatiliaji wakimwandama na tembo. Alipita katikati ya watu bila kumdhuru mtu na bila kudhuriwa, akapigwa sindano ya usingizi na kurudishwa. Leo Panna ina chui milia zaidi ya 50.

Hapa ndipo hutolewa karata kubwa: idadi. Chui milia wa India walikadiriwa kuwa 1,411 mwaka 2006 na 3,682 mwaka 2022. Basi ngome si imefanya kazi? Hesabu ni ya kweli na India inastahili heshima. Ila soma wanaishi wapi. Utafiti wa Yadvendradev Jhala na wenzake, uliotoka katika jarida la Science Januari 2025, ulionyesha kwamba eneo lenye chui milia limepanuka kwa asilimia 30 katika miongo miwili, likafika kilomita za mraba kama 138,000, na kwamba katika takriban asilimia 45 ya eneo hilo wanaishi pamoja na watu wapatao milioni 60. Kwa idadi ya watu, ni karibu sawa na kumtia chui milia katika nchi nzima ya Tanzania. Utafiti huohuo, sitauficha upande huu, unasema viini tulivu vyenye mawindo mengi ni muhimu, kwa sababu humo ndimo wanamozaliana. Lakini dume kijana akifikisha miaka miwili hufukuzwa na wakubwa, na lazima atoke atafute himaya yake. Anatokea wapi? Kwenye miwa ya mtu, kwenye chai ya mtu, nyuma ya choo cha shule. Utahamisha kaya 64,801. Hao milioni 60 utawahamishia wapi? Utafiti uligundua pia kwamba chui milia walitoweka zaidi penye umaskini mkali na vita vya silaha, na hakuna uzio unaotibu mambo hayo mawili.

Kwa hiyo suala la kama watu waishi na chui milia limekwisha kuamuliwa na chui milia wenyewe. Lililobaki ni kwa masharti gani.

Ninachokifahamu kilichojibu swali hilo vizuri kuliko vingine ni hifadhi ya Periyar, Kerala. Miaka ya 1990 misitu yake ilikuwa ikimalizwa na wachuna maganda ya vayana, aina ya mdalasini-mwitu. Hawa hawakuwa wageni. Walikuwa vijana wa pale pale, wanaolala msituni kwa siku nyingi, wanaojua kila kijito na kila pango, wakiwachezea askari kama paka anavyochezea panya. Kila mmoja alikuwa na kesi au aliikimbia. Kwa fikra za ngome, dawa yao ni jela. Maofisa wa Periyar, chini ya mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wakafanya kitu kingine: wakakaa nao. Wachunaji 23 wakaacha magendo, na mwaka 1998 wakaundiwa kamati yao ya maendeleo. Wakaanza kuwaongoza watalii kwa miguu katika njia zilezile walizopitishia maganda, wakilala nao mahemani, na papo hapo wakifanya doria. Fedha ikaingia kwenye kamati yao, haikupitia hazina ya mbali. Na kwa kuwa walijua majangili wenzao hupumzika wapi na hupita saa ngapi, kazi ambayo kikosi kizima kilishindwa wao waliifanya bila bunduki.

Kando yao walikuwapo Wamannan, wakulima wa pilipili manga. Hao mashamba yao yalikuwa yamewekwa rehani kwa wafanyabiashara kwa madeni madogo yasiyolipika, hivyo mavuno yalikwenda kwa mkopeshaji na mkulima akarudi msituni kutafuta cha kuuza. Mradi ukawakomboa na deni, wakauza pilipili yao wenyewe. Napenda sana mfano huu, kwa sababu ndani yake hamna chui milia hata mmoja. Hakuna bango, hakuna wimbo wa watoto wa shule kuhusu mazingira. Kuna deni lililolipwa, na msitu ukapumua. Tangu 2002 wanawake wa hapo, wanaojiita Vasanta Sena, huingia msituni kwa zamu kila siku kulinda misandali dhidi ya wezi, bila mshahara. Mtu asiyelipwa akikesha kulinda mali ya serikali, ujue hajioni mgeni katika mali hiyo.

Nepal iliweka jambo kama hilo kwenye sheria. Mwaka 1993 ilirekebisha sheria yake ya hifadhi, ikatambua maeneo ya kinga kandokando ya hifadhi na kuruhusu asilimia 30 hadi 50 ya mapato zirudi kwa jamii za hapo. Mwaka huohuo ikapitisha sheria iliyokabidhi misitu kwa vikundi vya wanavijiji. Huko Khata, ushoroba unaounganisha hifadhi ya Bardia na Katarniaghat ya India, vikundi hivyo viliotesha upya msitu uliokuwa umechakaa kwa malisho, na sasa tembo, faru na chui milia wanapita. Chui milia wa Nepal walikuwa 121 mwaka 2009. Mwaka 2022 walikuwa 355. Watu wa ngome watanikumbusha kwamba hifadhi za Nepal zinalindwa na jeshi. Ni kweli, na sijasema askari waende nyumbani. Lakini askari hao wamo hifadhini tangu katikati ya miaka ya 1970, na ongezeko hili ni la miaka ya karibuni, baada ya vijana wa vijijini kuunda vikundi vya kupambana na ujangili. Askari anaweza kulinda lango. Mgeni aliyelala kwa mjomba wake kijijini na mkoba mzito, huyo anaonekana na shangazi wa jirani.

Mpinzani mwaminifu ana hoja moja zaidi, na hii ndiyo inayoniumiza: chui milia anaua watu. Juni 2022 wakazi wa Bardia walifunga barabara kuu wakidai kulindwa baada ya watu kushambuliwa. Polisi wakafyatua risasi, msichana mmoja akafa. Serikali inayopokea pongezi za dunia kwa kuongeza chui milia ilimpiga risasi jirani wa chui milia. Anayetumia kifo hiki kudai "mnaona, watu na wanyama hawawezi kukaa pamoja" anapotosha. Waliofunga barabara hawakuomba chui milia wauawe wote wala wao wahamishwe. Walitaka walindwe.

Nenda Sundarbans, mikoko mikubwa kuliko yote duniani, kwenye mpaka wa India na Bangladesh. Warina asali na wavuvi wa kaa huingia humo wakimwomba ulinzi Bonbibi, ambaye Waislamu na Wahindu humheshimu kwa pamoja na ambaye masimulizi humtaja kuwa binti wa familia iliyotoka Uarabuni. Mume akiuawa, mjane husemwa ana nuksi. Upande wa India, kama marehemu aliingia eneo lililokatazwa, maofisa walimnyima mjane fidia, mpaka wajane wakalazimika kwenda Mahakama Kuu ya Kolkata. Sisi Tanzania tuna kifuta machozi kwa anayeuawa na mnyama na kifuta jasho kwa mazao, na tunajua jinsi vinavyochelewa. Fidia inayokuja baada ya arobaini, au isiyokuja kabisa, hulipwa na mnyama: kwa sumu ndani ya mzoga wa ng'ombe. Upande wa Bangladesh, ambako zamani chui milia akiingia kijijini alizingirwa na kupigwa hadi kufa, vimeundwa vikosi 49 vya wanakijiji wa kujitolea vinavyomrudisha mikokoni akiwa hai. Sensa ya Bangladesh ilipata chui milia 106 mwaka 2015, ikapata 125 mwaka 2024.

Sasa niwageukie rafiki zangu wa "ushirikishwaji", maana baadhi yao wananitia hasira kuliko watu wa ngome. Wao wanakubali kila nilichosema, kisha wanaitisha warsha. Mwenyekiti wa kijiji anapewa posho ya kikao, chai na kitafunwa, fulana yenye picha ya chui milia, na anasaini karatasi ya mahudhurio. Karatasi hiyo ndiyo inayoitwa ridhaa ya jamii. Uamuzi wa wapi mpaka upite umekwisha fanyika kabla sambusa hazijakaangwa. Kushirikishwa kwa namna hii ni ngome ileile iliyofunguliwa dirisha la kuuzia tiketi.

Mtu hulinda alicho na haki nacho. India inalijua hili, kwani ilipitisha Sheria ya Haki za Misitu mwaka 2006, inayowatambua wakazi wa misitu na kuwapa nguvu ya kusimamia misitu yao, na inayotaka ridhaa ya mkutano wa kijiji kabla ya kumhamisha mtu yeyote kwa ajili ya wanyama. Mwaka 2011 Wasoliga wa vilima vya Biligiri Rangaswamy, Karnataka, walipata haki za msitu wao ndani ya hifadhi ya chui milia, wa kwanza kufanya hivyo. Wazee wao wamekuwa wakieleza kwamba zamani waliwasha moto mdogo mapema kiangazi, unaounguza majani makavu na kuiacha miti. Serikali ilipoupiga marufuku, lantana, mmea wa kigeni unaowasumbua hata wakulima wa kwetu, uliufunika msitu chini kwa chini, ukala nafasi ya nyasi, na kulungu wakakosa chakula. Watafiti waliokwenda kupima wakaona kwamba maelezo ya wazee yana mashiko. Waliofukuza moto walidhani wanamlinda chui milia, kumbe walikuwa wanapunguza sahani yake.

Badala ya kueneza mfano wa Wasoliga, mwaka 2017 mamlaka ileile ya chui milia iliagiza haki hizo zisitolewe ndani ya viini vya hifadhi. Agizo likaondolewa mwaka uliofuata baada ya kelele nyingi. Kisha ikaja barua ya 2024.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuambiwa kwa nini mjadala wa India unamhusu. Wamaasai walitolewa Serengeti mwaka 1959 kwa ahadi kwamba Ngorongoro ingekuwa yao pamoja na wanyama, na tangu 2022 malori yamekuwa yakiwapeleka Msomera, Handeni. Hoja zilizotumika Arusha ni zile zilizotumika Sariska: mifugo imezidi, watu wamezidi, wanahama kwa hiari. Hiari ya mtu ambaye zahanati yake imeachwa ife na shule yake hairuhusiwi kuezekwa upya inapaswa kupewa jina lingine.

Mei 2025, kaya zaidi ya 50 za Wajenu Kuruba, warina asali wa Nagarahole, Karnataka, zilirudi ndani ya hifadhi, Karadikallu, walikotolewa wazazi wao miongo minne iliyopita. Walijenga vibanda, wakasema makaburi na mizimu yao iko hapo, wakadai hati zao chini ya sheria ya 2006. Walipokelewa na askari wa misitu na polisi. Kwa miongo hiyo minne wazee wao walikuwa vibarua kwenye mashamba ya kahawa ya watu wengine, huku magari ya watalii yakiingia kila asubuhi katika msitu walimozaliwa.

Mamlaka ya chui milia iifute barua yake. Wajenu Kuruba wapewe hati, na kaya zote 64,801 ziulizwe katika mikutano ya vijiji vyao, kwa lugha zao, kama zinataka kuondoka. Zitakazotaka kuondoka zilipwe kabla lori halijawashwa. Zitakazotaka kubaki zikabidhiwe doria, sehemu ya fedha ya lango na sauti katika kuchora mipaka. Hayo yote sheria ya nchi yao imekwisha kuyaruhusu.